Ukiwa Tulia, Tulia: Mwongozo wa Kuoanisha Simu na Gari

Hongera kwa gari. Umelitoa bandarini Mombasa, ukapita Mtito Andei, ukakata kulia pale Kibwezi, ukapanda na Ikutha na Mutomo hadi Kitui, na sasa limeegeshwa chini ya mwembe nyumbani Tulia huku watoto wakilizunguka kama bibi harusi. Ni Fielder iliyotumika Japani, haijavuka miaka 8 ambayo Kenya inaruhusu, na katikati ya dashibodi ina skrini kubwa kushinda dirisha la choo chako. Kesho unawapeleka wazee Wote, kule Makueni, kwa ntheo ya mdogo wako, yaani kupeleka mbuzi wa posa kwa wakwe. Si wazee wote: gari lina viti vitano. Unataka muziki wa simu utoke kwenye spika za gari. Ni kazi ya dakika mbili. Tenga siku nzima.

Kwanza, washa gari na usijibu. Kuna mama ndani ya dashibodi atakayesema jambo kwa Kijapani, kwa upole mwingi. Hakusalimii. Anakuarifu kwamba kadi ya ETC haimo, yaani ile kadi ya kulipia barabara kuu za Japani. Usimchomekee kadi ya Nairobi Expressway. Si hiyo anayoitaka. Atakuarifu asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka, wala hatachoka. Abiria akiuliza amesema nini, jibu bila kusita: "Anatutakia safari njema." Ndivyo tunavyomtafsiri sote. Usimwombe fundi amnyamazishe. Atakata waya wake, pamoja na wa taa za breki.

Pili, itazame saa ya gari, kisha uiache. Bado iko Japani, saa sita mbele yetu. Lakini hebu hesabu. Hapa ikiwa saa moja asubuhi, skrini inaonyesha 1:00. Ikiwa saa nne, inaonyesha 4:00. Bila mtu yeyote kukusudia, saa ya Tokyo imekuwa saa ya Kiswahili, na ndicho kitu pekee ndani ya gari hilo kinachosema lugha yako. Ndicho pia kitu cha kwanza utakachotaka kurekebisha. Yupo mpwa wako wa chuo kikuu anayejua kuirekebisha. Mtume dukani.

Tatu, ingia kwenye mipangilio. Tafuta alama ya gurudumu lenye meno, gusa. Usipoteze muda kutafuta Kiingereza. Redio nyingi zilizotengenezewa soko la Japani hazina. Wewe kariri jambo moja: swali likitokea, jibu la herufi mbili ni "ndiyo", la herufi tatu ni "hapana". Ni kama kwetu tu ukiombwa mchango wa harusi: kukubali ni neno moja, kukataa kunahitaji maelezo. Mengine yote tunakwenda kwa mazoea: juu kulia, cha tatu kutoka chini, rudi, kushoto. Ukimwona mwenye gari mjini Kitui akibonyeza harakaharaka bila kutazama, usidhani anasoma. Anasali rozari. Na ujue kipo kitufe kinachofuta kila kitu na kuirudisha redio kama ilivyotoka kiwandani. Nacho huuliza kwanza, kwa adabu, na nacho hujibiwa kwa neno la herufi mbili.

Nne, oanisha. Chukua simu, fungua Bluetooth, gusa "Oanisha kifaa kipya". Aliyeitafsiri simu hakukosea neno, maana hii ni ndoa. Hata jina Bluetooth ni la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, anayesifiwa kwa kuwaunganisha Wadenmaki na Wanorwe. Wahandisi walilichukua jina lake miaka ya 1990. Kuhusu Fielder hakuacha wosia. Simu itaonyesha tarakimu sita, gari nalo litaonyesha tarakimu sita, na kila upande lazima ukubali kwa kinywa chake, kama binti anapoulizwa mbele ya wazee iwapo anawajua wageni hawa waliokuja na mbuzi. Redio za zamani hazina mambo mengi: huomba 0000, zikikataa hiyo huomba 1234. Upande mmoja ukikubali na mwingine ukanyamaza, simu itaandika "Imeunganishwa" na spika zitabaki kimya kama shemeji aliyenyimwa nyama. Zima gari, washa, rudia. Usiulize sababu. Aliyeijua hajapatikana.

Tano, heshimu waliokutangulia. Ukifungua orodha ya simu utakuta majina kadhaa ya Kijapani. Ni simu za waliolimiliki gari kabla yako, na redio haijawasahau. Redio ya namna hii haiweki simu nyingi, mara nyingi tano tu, kwa hiyo lazima mmoja aondoke ndipo upate nafasi. Hata baada ya hapo, kila ukiwasha, gari litaanza kuwatafuta wale wa zamani, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kukugeukia wewe. Vumilia. Bluetooth ya simu hufika kama mita 10, nao wako zaidi ya kilomita 10,000. Lakini usishangae gari likikuita kwa jina la mwenzio. Ukiwa na busara, utaitika.

Sita, fikiri kabla ya kuruhusu. Simu itauliza kama gari lisome majina ya watu ulionao. Utaruhusu. Sote huruhusu, maana kitufe cha kukataa kina rangi ya kijivu ya kusikitisha. Basi kaa usiku huu upitie majina hayo moja moja, ukikumbuka kwamba kesho yatatokea kwenye skrini ya inchi 7 mbele ya wazee: "Fundi Mwongo", "Usishike", "Usishike 2", "Ile Sacco Tena". Anza na jina la baba mkwe. Unajua ulivyomwandika.

Saba, pangia watu viti, maana anayekaa mbele ndiye mwenye muziki. Sheria hii haijaandikwa popote na haijavunjwa na mtu. Mbele atakaa mzee mkubwa, ambaye hatagusa simu ila atamiliki sauti: mkono wake ukiinuka kidogo, unapunguza, kidevu kikiinuka, unaongeza. Wimbo wa kwanza ni wa injili hata kama simu ni ya mlevi, na utadumu hadi mguse lami. Baada ya hapo mzee atauliza, bila kukutazama, kama mashine yako ina Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers. Utasema ipo. Ipo kweli, lakini iko kwenye intaneti. Itacheza gitaa la kwanza, itacheza la pili, kisha mtaingia bondeni na mtandao utawaacha pale sauti ilipotaka kuingia. Sema ni mlima umeziba. Neno "bando" usilitamke mbele ya mtu aliyenunua kanda ya Kakai kwa pesa zake mwenyewe na bado anayo.

Nane, jiandae kwa simu kuingia. Itaingia. Muziki utakatika, skrini itaandika "Usishike 2", na kidole chako, kikitafuta kitufe chekundu kwenye usukani, kitabonyeza cha kijani. Sauti ya msichana mwenye adabu itajaa gari kutoka spika za milango yote: "Habari ya asubuhi. Nakupigia kuhusu mkopo wako wa shilingi 3,500 uliopaswa kulipwa Jumatatu." Sasa tazama jinsi watu waliolelewa vizuri wanavyofanya. Mama aliye nyuma atageukia dirisha na kusema ndengu za huku zimekubali. Mwalimu mstaafu atauliza mti ule unaitwaje, ingawa amezaliwa chini yake. Mzee wa mbele atafunga macho, na aliyefunga macho kisheria hayupo. Msichana ataendelea, atataja riba, atakutakia siku njema. Muziki utarudi kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna aliyesikia kitu. Jioni Tulia nzima itaijua riba hiyo hadi senti.

Tisa, ukishatenganisha simu kwa aibu, usikimbilie redio ukidhani ni rahisi. Redio ya Japani ilizoea kuishia 90, kwa sababu kule masafa ya 90 hadi 108 yalikuwa ya televisheni za zamani, ambazo sehemu kubwa ya nchi ilizizima mwaka 2011. Zetu huanza 87.5 na kupanda hadi 108. Maana yake ni kwamba wewe na gari lako mnakutana kwenye kauchochoro kati ya 87.5 na 90, au 95 kama gari ni la juzi. Mzee akiomba Musyi FM, mweleze hivyo, kisha mtazame anavyokutazama. Wapo watakaokushauri ununue ekspanda, inayoshusha masafa ili yaingie: ikiwa ni ya 12, stesheni ya 100 utaitafuta kwenye 88. Kila safari itakuwa mtihani wa hesabu za kutoa. Wengine watakuuzia modulata, kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara, kinachopokea simu kwa Bluetooth na kuirushia redio kama stesheni ndogo. Ni kizuri, ila nacho lazima kipite kwenye kauchochoro kale kale, ambako magari mengine yote ya Japani yamejibana. Msimame bega kwa bega na Probox kwenye stendi, na wazee wako watasikiliza mahubiri yake huku abiria wake wakisikiliza mkopo wako.

Kumi, usiende kwa fundi. Utakwenda. Hatua yake ya kwanza ni kung'oa waya wa betri, kwa usalama, na redio nyingi za Japani zikinyimwa betri hujifunga na kudai nambari ya siri iliyobaki Japani. Sasa una skrini nyeusi na fundi mwenye matumaini. Atakupa ofa: redio mpya ya Android na, kwa pesa kidogo zaidi, video zitakazocheza gari likitembea. Video hufungiwa hadi breki ya mkono ivutwe. Fundi huuchukua ule waya wa breki na kuuunga kwenye bodi ya gari, na kuanzia siku hiyo gari lako litaamini limeegeshwa hata likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa. Usistaajabu likikushinda kona. Kwa mujibu wake, hamkuwa mnatembea.

Mwisho, tulia. Umefanya kila hatua kwa mpangilio na umeshindwa, kama ilivyotarajiwa. Gari liko kimya na Wote bado ni mbali. Hapo mama wa kiti cha nyuma ataingiza mkono kwenye kiondo, atoe kikombe cha bati alichobeba kwa ajili ya uji, na kukupitishia mbele bila neno. Kiweke kwenye tundu la kuwekea chupa. Tumbukiza simu, spika yake ikitazama chini. Mwalimu mstaafu, ambaye muda wote alikuwa na Kakai Kilonzo mzima kwenye kadi ya simu yake ya vitufe, atakuomba utoe yako uweke yake. Bati litavuma kidogo kwenye besi, lakini maneno yatasikika, na kufikia wimbo wa tatu mzee wa mbele atakuwa anapiga goti kwa kiganja. Atasema gari ni zuri. Usimsahihishe.

Mtafika kwa wakwe saa nne na nusu, mbuzi wakiwa wametangulia kwa pikapu. Skrini itaonyesha 4:30. Kama hukuigusa.