Kichwa, Jiko na Disko

Binti wa kaka yangu alisoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili. Alipoingia kidato cha kwanza, jiografia, baiolojia, hesabu, vyote vikageuka Kiingereza. Hakutishika. Mtoto wa hapa kijijini kwetu Kalenga hulishwa habari za Chifu Mkwawa wa Wahehe kabla hajaota magego: adui unamchunguza kwanza, ukishamjua njia zake unamvizia. Yeye aliamua kuivizia kanuni.

Kanuni ya kwanza aliinasa ubaoni: mtenda huongezwa "er". Teach, teacher. Farm, farmer. Drive, driver. Basi kwenye insha ya familia akaandika, kwa mwandiko wa kuvutia: "My mother is a good cooker." Mama yake, mwenye kamusi iliyochakaa na udadisi usiochakaa, akaitafuta hiyo cooker, akakuta ni jiko.

Sasa, kwetu mwanamume akioa husemwa amepata jiko, na shemeji yangu hajausamehe msemo huo tangu mshereheshaji aupigie vigelegele kwenye harusi yake. Kuusikia tena kwa mwana aliyemzaa mwenyewe, tena kwa Kiingereza, kulimzidi. "Jiko halipiki," akatangaza. "Jiko linapikiwa." Nami nilikuwa nimefika pale nikiwa na hamu zangu za ugali! Tulikula mahindi ya kuchoma, kila mtu akijichomea wake.

Mtoto alikuwa na haki ya kulalamika. Kumbe kupika ni cook na mpishi naye ni cook, hakuna hata herufi moja ya kumtofautisha mtu na kazi yake. Kiswahili nacho kina vituko, sikatai. Anayeiba haitwi mwibaji. Lakini iba, mwizi na wizi ukiwaona pamoja unajua ni wa ukoo mmoja. Kiingereza kina steal na thief, watu wasiopeana hata salamu.

Kanuni ya pili ilikuwa ya hatari zaidi. Binti aligundua kwamba blood ni damu na bleed ni kutoka damu. Food ni chakula, feed ni kulisha. Yaani "o" mbili za nomino zikiingia kwenye kitenzi zinakuwa "e" mbili. Kaka yangu anafanya biashara ya mbao Mafinga, mbao za misitu ya Sao Hill. Wood ni mbao, kwa hiyo baba anashughulika na nini? "My father is weeding in the forest." Bahati mbaya neno lipo. Weed kama kitenzi ni kupalilia, kama nomino ni magugu, na vijana wa leo huiita hivyo bangi. Mzazi akaitwa shuleni. Alikwenda amevaa koti, amebeba risiti zote za mbao na kibali cha kusafirishia, akaeleza kwa utulivu kwamba yeye hupakia misonobari tu.

Lakini aliyenifurahisha kuliko wote ni kijana mmoja wa hapa kijijini anayejipatia riziki kwa kuwatembeza wageni. Kalenga ndiko lilikokuwa boma la Mkwawa, lililobomolewa kwa mizinga ya Wajerumani mwaka 1894, na kwenye makumbusho yetu ndiko lilipo fuvu lake. Wahehe wanajua hadithi hiyo usingizini: chifu alijipiga risasi Julai 1898 asikamatwe, kichwa kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, ukaipa Ujerumani miezi sita kulikabidhi fuvu. Miezi hiyo sita ilikwisha mwaka 1954, Gavana Twining alipolirudisha.

Kijana alikuwa na kanuni yake, tena yenye akili. Skin ni ngozi, na to skin ni kuchuna ngozi. Kwa hiyo kukata kichwa, head, ni to head. Akawasimulia wageni: "The Germans headed Mkwawa." Mgeni mmoja, aliyezoea kwamba kitenzi hicho ni kuelekea mahali, akauliza: "Headed where?" Kijana akajibu bila kusita: "To Germany."

Hakuna sentensi sahihi zaidi iliyowahi kukosewa. Neno alilolitafuta ni behead, na mimi bado nakidai Kiingereza maelezo: befriend ni kumpata rafiki, lakini ukifanyiwa behead, kichwa hukipati ng'o.

Hata hivyo, Kiingereza tumekilipizia kisasi. Iringa mjini, kilometa kama 15 kutoka hapa, kumejaa wanavyuo, na lugha yao inashuka mpaka Kalenga. Mtihani wa marudio, supplementary, wameukatakata ukabaki sapu. Neno la kufukuzwa masomo, discontinued, wamelikata na kulipachika kiambishi likawa kudisko. Neno la Mwingereza sasa linanyambuliwa kama kitenzi cha Kiswahili: kadisko, watadisko, wamediskoshwa.

Mzee jirani yangu ana mwana chuoni. Mwaka jana mwana alipiga simu kwamba ana sapu tatu. Mzee akasikia supu, akasifu kilabuni kwamba kijana anakula vizuri. Baadaye ukaja ujumbe: "Baba, nimedisko." Mzee akatikisa kichwa, ujana, akasema, kucheza muziki si dhambi. Kisha ikaja barua, akaniletea pale pale kilabuni kwenye ulanzi.

"Soma, mnyalukolo."

Nikasoma. "Wamemwachisha masomo, mzee."

"Kwa sababu ya disko?"

"Hilo ndilo disko lenyewe. Zile supu tatu ndizo zilizomfikisha hapo."

Akaweka kikombe chini. "Nilimwambia," akasema, "huko chuoni ale ugali."