Shikamoo, Mzimu

Mimi ni mtu wa kulala saa tatu usiku. Mke wangu anajua, majirani wanajua, hata mbu wa kwetu Kalangalala wanajua, maana ndiyo saa wanayoingia kazini. Asiyejua ni mpwa wangu. Alimaliza kidato cha nne akaja Geita kutafuta maisha, na mpaka leo anayatafuta kwenye simu, juu ya kochi langu, kwa bando ninalolipa mimi.

Juzijuzi alinionyesha video. Wazungu watano, usiku wa manane, wako ndani ya ngome kongwe ya Chillingham, kaskazini mwa Uingereza. Wanapapasa kuta na kuliuliza giza: kuna mtu humu? Nikamuuliza wameibiwa nini.

“Mjomba, hao wamelipa,” akasema. “Wanalipa ili watishwe.”

Nilimwomba arudie, nikidhani masikio yamezeeka. Mtu anatoa fedha yake halali, anaacha kitanda, anakwenda kumtafuta marehemu ambaye hamdai chochote. London nako kuna ngome alimokatwa kichwa Malkia Anne Boleyn mwaka 1536, na watu wanapanga foleni kwenda kuona mahali penyewe. Huku kwetu mtu akihisi mzimu tu anahama usiku huohuo, na kodi ya miezi sita aliyolipa harudi kuidai.

“Na sisi tufungue biashara hiyo,” mpwa akasema. Alipotamka “sisi”, nikajua mtaji ni mimi.

Sikusema hatuna majengo ya kutisha. Unguja kuna kasri la Dunga, la Mwinyi Mkuu, lililojengwa katikati ya karne ya 19. Wanasimulia kwamba chokaa yake ilikandwa kwa damu ya watumwa. Kule Gede, karibu na Malindi, James Kirkman alipoanza kufukua magofu mwaka 1948 alihisi kuna mtu anamchungulia nyuma ya kuta, na akaandika hivyo. Kanda ya Ziwa tuna Gamboshi, Bariadi, kijiji ambacho watu wanaapa kwamba usiku hugeuka jiji la maghorofa na mataa, kisha alfajiri hurudi kuwa mashamba na ng’ombe. Nimekutana na watu wengi wanaomjua mtu aliyeliona jiji hilo. Aliyeliona mwenyewe bado namsubiri.

Kote huko mpwa alikataa: nauli. Akapendekeza mashimo ya mgodi wa mkoloni hapa Geita, ule uliofungwa mwaka 1966. Hapo nikakataa mimi. Shimo la zamani halihitaji msaada wa mzimu. Linatitia tu, basi.

Ikabaki “Ikulu”.

Ikulu ni gofu la mtaani kwetu. Mwenyewe alipata dhahabu kwenye rasha moja ya wachimbaji, akaanza ghorofa lenye nguzo nene kama mibuyu na ramani ya bati za msauzi. Akafika kwenye linta, mkanda wa dhahabu ukakata, na yeye akakata kona. Sasa imeota mipapai sebuleni. Watu wanasema alitoa kafara, akaacha msukule ndani, na ndiyo maana usiku husikika mtu akiponda: twaa, twaa, twaa.

Tuliingia Ijumaa saa nne usiku kwa kuruka ukuta. Mimi nilisukumwa. Tulibeba tochi, chupa ya chai ya tangawizi, mfuko wa matobolwa ya viazi vitamu, na simu yenye programu ya kupima mizimu. Programu hiyo iliwaka nyekundu mara tu tulipoingia. Mpwa akashangilia. Nikamwonyesha nondo zilizochomoza ukutani. Akazisogelea, ikawaka zaidi. Saa tano bando likaisha, na mizimu yote ikatoweka.

Akabaki na mdomo. “Kuna mtu humu?” akaliuliza giza.

Nikamkemea. Mzimu, hata kama ulikufa kijana, ni mtu mzima kwako. Unaanza na salamu. Nikakohoa kidogo nikasema: “Shikamoo.”

Kimya. Hata popo hawakuitikia.

Wazungu wa video hawasemi kuhusu mbu. Ngome yao ina baridi, yetu ina madimbwi. Kufika saa sita nilikuwa nimejipiga makofi mengi kuliko niliyowahi kupigwa shuleni, na mpwa alikuwa amemaliza matobolwa. Umeme wa mtaa mzima ukakatika. Nikaanza kuhesabu madeni yangu, maana ndicho kitu pekee kinachonitisha kwa uhakika.

Saa saba na nusu ikaanza. Twaa. Twaa. Twaa.

Ilitokea nyuma, upande wa stoo. Mpwa akanishika shati. Mimi nikashika nguzo. Ulimi ulikuwa mkavu, lakini malezi ni malezi. Nikatoa sauti nyembamba ambayo sijui niliitunza wapi: “Shikamoo!”

Kuponda kukasimama. Giza likajibu: “Marahaba.”

Mpwa hakuhitaji kusukumwa kuruka ukuta. Mimi nilibaki, si kwa ushujaa, goti lilikataa. Mwanga wa kibatari ukatoka nyuma ya nguzo, ukimtangulia mzee wa makamo ya baba yangu, nyundo mkononi, vumbi mpaka kwenye kope.

“Kumbe ni wewe mzee?” nikauliza.

“Ulitaka awe nani?”

Ni mlinzi wa Ikulu. Analipwa shilingi 80,000 kwa mwezi, na huu ni mwezi wa nne hajaziona. Kwa hiyo usiku anaponda mawe ya magwangala anayonunua kwa ndoo, akitumaini humo mmebaki dhahabu iliyoponyoka mgodi mkubwa. Mzimu aliukuta mtaani tayari, akauacha. “Tangu waseme kuna msukule, hakuna aliyeiba hata ubao,” akaniambia. “Unalinda kuliko mimi, na haudai mshahara.”

Tukacheka. Akanimiminia chai yangu mwenyewe. Kisha akaacha kucheka.

“Ila sasa watu wameanza kuutafutia mwenyewe.”

Nyuma ya ukuta ule anakaa bibi mmoja anayeuza maandazi. Anaamka saa tisa usiku, anawasha kuni ndani ya kibanda kisicho na dirisha, na amefanya hivyo miaka mingi. Macho yake yamekuwa mekundu. Mkazi yeyote wa Geita au Shinyanga anajua sentensi hiyo ikiachwa hapo inaweza kuishia wapi. Mwingereza alitunga sheria ya uchawi mwaka 1928, lakini panga halisomi sheria, na vikongwe wetu wameuawa kwa rangi ya macho yaliyoharibiwa na moshi wa chakula chetu. Wenzetu Uingereza mzimu wanaukatia tiketi. Sisi tunautafutia mtuhumiwa.

Mzee anasema amewaambia vijana wa kijiweni kwamba mpondaji ni yeye. Wamemjibu kwamba amerogwa ndiyo maana anasema hivyo.

Jumamosi nilikwenda mwenyewe kutoa ushahidi. Nikaeleza yote: nyundo, kibatari, magwangala, marahaba. Wakasikiliza kwa adabu, kisha mmoja akauliza bibi amenipa shilingi ngapi. Nikamwita mpwa awe shahidi wa pili. Kumbe ameshatangaza mtaa mzima kwamba alipambana na msukule akamshinda, na wawili wamemlipa shilingi 5,000 kila mmoja awapeleke Ijumaa iliyofuata.

Baadaye nikapimwa malaria. Ipo. Nakunywa mseto, na kochi bado limekaliwa.

Basi nawaandikia ninyi, pengine mtanisadiki. Ukipita Kalangalala saa saba usiku ukasikia twaa, twaa, huyo ni mlinzi anaponda mawe. Toa shikamoo, ataitikia. Ukiona moshi saa tisa, huyo ni bibi anapika maandazi. Moja shilingi 200. Macho yake ni ya moshi. Nunua mawili, na ukiweza, mtobolee dirisha.