Handbreki ya Muungano

Muuza spea wa Dar es Salaam aliponiuliza kwenye simu, "Canter ya mwaka gani, mzee?" nilimjibu, "Mbele au nyuma?" Kukawa kimya. Nikamsikia akimnong'oneza mwenzake kuwa kuna mtu wa Pemba hewani, kisha akarudi na sauti ya upole zaidi: "Mzee wangu, kwani gari ni ngapi?"

Gari ni moja, ila imekusanywa. Chasisi ni ya Canter iliyoshushwa Mkoani ikiwa imeshavuliwa kila kinachovulika. Kabini ilinunuliwa Unguja, ya Canter nyengine iliyopigana na mwembe, nayo ni ile nyembamba, ilhali chasisi yetu ilizoea kubeba kabini pana. Giaboksi ni ya gari ya tatu ambayo hatukuwahi hata kuiona sura. Bodi ndiyo mzaliwa wa hapa hapa Wete: mbao za mfenesi, mabenchi mawili ya kutazamana, turubai juu na ngazi nyuma, kazi ya fundi wa mashua ambaye mpaka leo akija kuikagua huinama kwanza kutazama kama inavuja.

Vijana wa barazani wakaiita Muungano. Imetoka pande mbili za bahari, imeungwa, na kila mwenye hisa ana lake la kulalamikia. Ikilala njiani huulizana, "Leo kero gani?" na serikali zote mbili hutajwa kabla ya kabureta, ambayo gari ya dizeli haina.

Kero ya handbreki tulikuwa nayo tangu mwanzo. Mkono wake ulikuwepo, umesimama vizuri baina ya dereva na kiti cha kati, na kazi yake ilikuwa kutundikiwa mfuko wa mikate. Breki yenyewe ya kuegeshea ilikuwa ni utingo. Gari ikikaribia kusimama kilimani, kijana huruka na kabari, kipande cha mfenesi kilichobaki kwenye bodi, akakisukuma chini ya tairi la nyuma kabla dereva hajaondoa mguu. Kabari ilikuwa na tundu na kamba, ili gari ikiondoka aivute bila kuinama. Kwa mtindo huo tumepanda na kushuka baina ya Wete na Konde miaka yote, na Pemba ni kisiwa cha vilima, hakuna asiyejua.

Mpaka mkaguzi wa magari akaomba aoneshwe handbreki. Utingo akashuka na kabari.

"Hii ni mbao," akasema mkaguzi.

"Ya mfenesi," utingo akamthibitishia.

Ndipo nikajikuta napiga simu Dar.

Nimesoma kuwa Waingereza mambo haya wanayafanya kwa starehe. Kuanzia 1957 kampuni ya Lotus iliuza gari ndogo iitwayo Seven ikiwa vipande vipande, mnunuzi akaiunge mwenyewe nyumbani kwake, kwa kuwa gari iliyokwisha kuungwa ilitozwa kodi ya manunuzi na vipande havikutozwa. Husimuliwa kuwa sheria ilikataza kumpa mteja maelezo ya kuunga, basi akapewa maelezo ya kufungua, ayasome kuanzia mwisho. Kodi ile ikaondolewa 1973, lakini watu hawakuacha. Wapo mpaka leo wanaokesha gerejini kwa hiari yao, na wake zao wanawaletea chai. Wangu mimi aliniletea swali: pesa ya kebo imetoka fungu gani?

Kebo ya zamani ilikuwa imekwisha. Chumvi ya bandarini na tope la masika vilikuwa vimeshaufanya waya na ganda lake kitu kimoja. Tukailaza barazani, dereva, ambaye ni mtoto wa dada yangu, akaipima kwa futi, fundi wa magari akaipima kwa dhiraa, na majibu yao yakaenda kila moja njia yake. Tukapiga picha tukaituma. Muuzaji akajibu, "Ndiyo hiyo hiyo, mzee, tuma pesa." Mzigo ukaja kwa boti mpaka Mkoani, ukapanda gari mpaka Chake Chake, ukateremshwa huko bila kuulizwa, ukalala, na ukaingia Wete ndani ya kipolo cha unga.

Ilikuwa ndefu kuliko ile ya kale kwa shibiri nzima.

"Si ikatwe tu?" utingo akauliza. Fundi akamtazama kwa huruma. Kebo ya namna hii, vichwa vyake vya chuma vimebanwa kiwandani; ukiikata, akasema, umejipatia waya wa kuanikia nguo. Dawa ya urefu ni kuizungusha. Akaipigisha kona chini ya kabini, akaifunga kwenye chasisi kwa mpira wa tyubu. Mpira wa tyubu kwetu siudharau: umefunga mizigo, mitumbwi, mabomba ya maji na, nasikia, ndoa moja ya Gando. Kisha akatoka chini, akajipangusa grisi kwenye suruali ambayo haikuwa na nafasi tena, akamwambia dereva avute.

Mkono ukapanda jino kwa jino, tiki, tiki, tiki, mpaka juu kabisa. Ulivutika kwa uzito wa kuridhisha. Dereva akaachia breki ya mguu, na Muungano ukaondoka taratibu kuelekea kwenye ukuta wa jirani. Kabari ikauokoa ukuta.

Walivuta tena huku mimi nimechutama natazama chini. Kila mkono ulipopanda, ganda la kebo lilijikunja juu kama mkunga aliyetolewa kwenye mtego, na kule kwenye breki hapakutikisika kitu. Fundi akasema kebo ni feki. Dereva akasema, "Mjomba, tumeibiwa." Utingo hakusema kitu, alikuwa ameikumbatia kabari.

Mzee mmoja anayetengeneza baiskeli pale jirani alikuwa amekaa muda wote na kikombe chake cha kahawa. Akauliza, "Na hilo ganda, nani kalishika?" Hakujibiwa. Yeye mwenyewe hupanda Phoenix yenye breki za vyuma, zisizo na waya, kwa hiyo akamsimamisha mtoto wa skuli aliyekuwa akipita na baiskeli ya kisasa. Akalichomoa ganda la waya wa breki kwenye kikalio chake cha fremu, akabana: ganda likajipinda, mipira haikugusa rimu. Akalirudisha mahali pake, akabana tena, gurudumu likakwama papo hapo. Mtoto akadai baiskeli yake, anachelewa chuoni.

Ndiyo siri yote ya kebo. Waya wa ndani hauvuti kitu mpaka ganda la nje likatae kusogea. Ncha mbili za ganda lazima ziwe na pa kuegemea. Ernest Monnington Bowden aliichukulia hataza kebo ya aina hii mwaka 1896, na jina lake limebakia nayo. Mzee wetu hajapata kumsikia Bowden, na sidhani kama Bowden angeweza kufanya kazi ile bila kuweka kikombe chini.

Pa kuegemea palikuwepo zamani. Kishikio kilikatwa siku ya kufunga bodi, kwa sababu boriti ya seremala ilitaka kupita hapo hapo, na boriti ilikuwa imeshachongwa. Fundi wa kuchomelea akatuundia kingine kwa pembe ya kitanda cha chuma. Kikachomelewa, ganda likakaa, nati mbili zikabana huku na huku, na ile shibiri ya ziada ikabaki kwenye kona yake bila kumsumbua mtu.

Majaribio tukayafanya kwenye mteremko wa kwenda bandarini, pua ya gari ikitazama kisiwa cha Fundo. Baraza zima likahamia pale. Dereva akavuta, akaachia breki ya mguu, akatoa mikono yote miwili dirishani ionekane. Gari haikujongea. Watu wakatazama kwa muda, kisha mmoja wao akasema, "Labda imekwama."

Mkaguzi akaipitisha. Kabari ikastaafishwa siku ile ile. Muuza kahawa aliiomba, meza yake ina mguu mmoja mfupi.

Sasa kuna jambo ambalo halikumo kwenye kile kipolo cha unga kilicholeta kebo. Gari ndogo za kawaida, handbreki hushika magurudumu ya nyuma. Canter haiko hivyo: dramu ya handbreki iko nyuma ya giaboksi, nayo hushika shafti inayopeleka nguvu kwenye difu. Tairi zote zikiwa chini, mambo ni shwari. Inua upande mmoja wa nyuma kwa jeki, na difu inakumbuka kazi iliyoumbiwa, kuyaruhusu magurudumu mawili yatofautiane. Shafti imefungwa, sawa. Lakini gurudumu lililo hewani likizunguka kinyume, lililo chini lina ruhusa ya kwenda. Anayejua hili hukaza mawe magurudumu ya mbele kabla hajaigusa jeki. Utingo alikuwa anajua kabari, na kabari ilikuwa chini ya meza ya kahawa.

Pancha ilitupata kilimani, msimu wa karafuu. Msimu huo kando za barabara zetu zote ni majamvi, na karafuu zimetandazwa juani zikibadilika rangi. Abiria wakashuka. Dereva akavuta handbreki kwa madaha, mkono mmoja. Jeki ikapanda, tairi la nje la pacha likatoka, na mimi nilikuwa naanza kumweleza abiria mmoja habari za ganda na waya. Gari ikapumua. Ikaenda mbele hatua moja tu, ikaitema jeki, ikashuka kwa kishindo juu ya tairi la ndani. Na hapo, magurudumu yote yakiwa yamerudi ardhini, handbreki ikashika barabara.

Ilishika juu ya karafuu za watu. Tairi la mbele lilikuwa limekaa katikati ya jamvi, na harufu iliyopanda, ya mafuta mabichi ya karafuu iliyopondwa, ingemtoa mtu mafua. Bibi mwenye jamvi akatoka ndani na ufagio wa njukuti. Hakupiga kelele. Akazunguka gari, akasoma jina ubavuni, akanigeukia mimi.

"Mwalimu, mimi nilianika karafuu. Mbona unaniachia makonyo?"

Kwa asiye wa huku: makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, na bei yake mtu huitaja kwa sauti ya chini. Dereva akajaribu kusema kuwa makonyo nayo yana soko, kiwanda cha Wawi hukamua mafuta yake. Bibi akamwambia alikamue tairi basi. Utingo akapiga magoti, akaanza kuchambua zilizobakiwa na vichwa na zisizo navyo, kwani ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, hununua kwa daraja na karafuu iliyokatika kichwa haina wa kuitetea. Bibi akataja pishi nne. Abiria mmoja, asiyehusika, akasema mbili. Bibi akamuuliza yeye analipa ngapi kati ya hizo, akanyamaza.

Tukamalizana hivi: mpaka msimu uishe, yeye na magunia yake wanakwenda bure kituo cha kuuzia karafuu, tena anakaa mbele. Kabari tulikuwa tumeshairejesha kazini, na muuza kahawa tumemtafutia tofali.

Mbele, kwenye gari yetu, ni kiti cha kati, na kiti cha kati kinapakana na ule mkono. Safari ya kwanza Bibi aliuliza huo ni wa nini, akaelezwa. Tangu hapo dereva hapati nafasi ya kuugusa. Tukisimama kumshusha mtu, Bibi anauvuta kwa mikono miwili, anapiga bismillahi, anauvuta tena jino moja la akiba. Juzi aliuvuta tungali tunakwenda. Benchi zima la kushoto likahamia mapajani mwa dereva kupitia dirisha la nyuma ya kabini, au ndivyo walivyodai walipokuwa wakiomba warudishiwe nauli, na kikapu cha dagaa kikamwagika.

"Bibi," dereva akasema akihema, "yule mbuzi angepisha mwenyewe!"

Bibi, mikono bado iko kwenye handbreki, akamwambia mbuzi yule ni wake, na bei yake sisi hatuiwezi.