Barua ya Wazi kwa Shangazi wa London

Kwa BBC,
London.

Shangazi, shikamoo.

Waingereza wenyewe ndio waliokubandika jina hilo la Shangazi, nami nalitumia kwa adabu zote. Tangu Juni 1957 unatusemesha Kiswahili redioni, na anayebisha hodi miaka yote hiyo hahesabiwi tena kuwa mgeni. Nimechelewa kuandika, najua. Jambo lenyewe ni la mwaka 2006. Lakini ya ukoo hayachachi.

Nakuandikia kukupongeza kwa ufundi wako wa kuagana na watu.

Wasomaji wenzangu huenda hawakumbuki, kwa hiyo uniruhusu niwaeleze. Mwaka 2005 ulianzisha mradi ulioitwa Backstage. Uliwaita watengeneza programu walioko nje ya milango yako ukawaambia: chukueni vitu vyetu, mtengeneze vyenu. Vitu vyenyewe vilikuwa milisho ya habari, ratiba za televisheni, taarifa za foleni barabarani. Mtu akiwa chumbani kwake, hana cheo wala mwaliko, aliweza kuzichukua taarifa za ajali na foleni, akazipachika kwenye ramani, na dereva asiyemjua akajua pa kupita asubuhi. Hakuandika barua ya maombi. Hakuambiwa mkurugenzi yuko safarini, arudi wiki ijayo. Kwa shirika lililozaliwa 1922, huo ulikuwa utovu wa nidhamu wa hali ya juu, na nashangaa uliuvumiliaje.

Ni kweli uliweka sharti moja dogo: wasifanye biashara. Mwingereza aliyekulipa ada ya televisheni, pauni 131.50 kwa mwaka 2006, aliruhusiwa kuchezea kile alichokwisha kukilipia, ila asitie senti mfukoni. Ukarimu wa namna hiyo hatuna la kuulipa.

Basi 2006 kiongozi wa mradi akaondoka. Watu huondoka kazini, hilo si kosa la mtu. Hapa ndipo nilipovutiwa na utulivu wako. Mimi nazijua fomu za makabidhiano ya ofisi, maana hata huku kwetu tunazo: kompyuta mpakato, moja; kitambulisho, kimoja; ufunguo wa droo, mmoja; sahihi ya anayekabidhi, sahihi ya anayepokea, nakala kwa utumishi. Fomu ikishajaa, shirika hulala usingizi. Haina mstari wa kuandika ni mwanasheria gani hukubali akiombwa kwa upole na nani hukataa hata akiombwa kwa magoti. Haina mahali pa kuandika ni mhandisi gani atauamsha mlisho uliokufa Ijumaa jioni, na atafanya hivyo kwa sababu tu anampenda aliyempigia simu. Wala haisemi kwamba wale mamia wa nje hawakuja kwa ajili ya cheo cha mtu yule. Walikuja kwa sababu wakiuliza swali, yupo aliyejibu.

Kwa hiyo ulipata kila kitu kilichoandikwa kwenye fomu. Hongera.

Wala sikusingizii. Hukuufunga mradi siku ile. Uliwaweka wengine, wakafanya kazi, tena nzuri. Juni 2007, ukishirikiana na Yahoo, uliwakusanya watengeneza programu Alexandra Palace, jengo lilelile ulikoanzia matangazo yako ya kawaida ya televisheni mwaka 1936. Radi ikapiga. Mitambo ya usalama ikayafungua matundu ya paa yenyewe, mvua ikawashukia watu ndani ya ukumbi, na kompyuta zao mbele yao. Wakafungua miavuli humohumo, wakazinusuru mashine, kazi ikaendelea. Mkutano gani wa wakurugenzi, Shangazi, umewahi kunyeshewa ndani ya jengo na wajumbe wakabaki?

Hao ndio watu uliokuwa nao. Desemba 2010 ukafunga Backstage.

Ukafunga kistaarabu, hilo nalikiri. Ulitoa hata kitabu cha kumbukumbu, bure, kikieleza mambo makubwa yaliyofanywa, kama tunavyomsifia marehemu kwenye arobaini na hali akiwa hai hatukuwa tukimtumia hata nauli. Ujumbe ulikuwa kwamba mradi umemaliza kazi yake, moyo wa uwazi sasa umeenea nyumba nzima. Niliposikia hivyo nilicheka kidogo. Jambo likishakuwa la nyumba nzima, Shangazi, nenda kaulize mapokezi ni nani anayelishughulikia.

Sisi wa huku hatukushangaa sana, kwa kuwa mwezi uliofuata, Januari 2011, zamu ikawa yetu. Ulitangaza kwamba masafa mafupi ya Idhaa ya Kiswahili, pamoja na ya matangazo ya Maziwa Makuu kwa Rwanda na Burundi, yatazimwa. Serikali yako ilikuwa imekupunguzia fungu, na hilo si la kukulaumu. Lakini tazama kilichochaguliwa kuzimwa. Masafa mafupi yalimfikia mtu mwenye redio ya betri bila kumwomba mtu yeyote ruhusa. Backstage nayo ilimfikia mtu bila kuomba ruhusa. Ukibanwa, mkono wako unajua pa kuanzia.

Na usiniambie ni fedha. Mwaka 2013 uliuzika mradi mwingine, ule wa kuhamishia kazi zako zote za video kwenye mfumo mmoja wa kidijitali, baada ya kupotea pauni milioni 98. Mkuu wa teknolojia alifukuzwa, na mwaka uliofuata mahakama ya kazi ikasema alifukuzwa isivyo halali. Kwa hiyo hata kufukuza kulikushinda. Kwa fedha ile, wale wa Alexandra Palace wangenyeshewa kila wikiendi hadi leo, na miavuli ukawanunulia wewe.

Ila unajua kusikia ukipigiwa kelele. Mei 2016 ulipotaka kuiondoa tovuti yako ya mapishi, yapata mapishi 11,000, watu zaidi ya laki moja walitia saini kupinga katika muda wa siku moja tu, nawe ukalegeza kamba. Ratiba za televisheni na milisho ya habari havina harufu ya kitunguu kinachokaangwa, ndiyo maana havikupata waombolezaji wa idadi hiyo. Mtengeneza programu akikuta mlisho umekufa hatoki barabarani. Huzima kompyuta akaenda kwa mwingine, nawe huku unahesabu kwamba hakuna aliyelalamika.

Nafikia ombi langu, na si la kumrudisha mtu. Wa 2006 ana maisha yake, hata waliofuata wana yao. Tatizo ni kwamba mlango ule ulisimama kwa mapenzi ya watu wachache waliokuwa ndani, na wewe hukuwahi kuandika popote kwamba ni mlango. Kila aliyeondoka aliondoka na kipande chake cha ruhusa. Utamlaumuje? Hukumpa kingine cha kuacha.

Hati ya Kifalme inayokuongoza sasa inakoma tarehe 31 Desemba 2027. Waandishi wake wakikaa mezani, waambie waingize kifungu kimoja: kwamba taarifa zako zisizo siri, kuanzia ratiba hadi orodha ya vipindi vya miaka iliyopita, zitakuwa wazi kwa yeyote, kwa Kiingereza na kwa lugha zote unazotangazia, Kiswahili kikiwemo, na kwamba hazitafungwa bila taarifa ya mwaka mzima na jina la afisa wa kulaumiwa. Kifungu hicho kikiwepo, mradi wowote unaweza kupoteza kiongozi Jumatatu na bado ukafanya kazi Jumanne.

Nakutakia afya njema.

Ni mimi mpwa wako,
msikilizaji wa masafa mafupi, mstaafu.