Ile 0.01 ni Yangu

Muscat, 18 Agosti 2022

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Kenya.

Salamu kutoka Matrah, barazani kwa shangazi. Mimi nimejiandikisha Likoni, huku nimekuja arusini. Kosa ni langu: mtu wa maana husoma kwanza gazeti rasmi la serikali ndipo apange kwenda arusini.

Mwaka huu Wakenya wa ng'ambo wamefunguliwa vituo vya kupigia kura katika nchi 12. Dubai wamepiga, Doha wamepiga. Oman haimo. Sisi wa hapa, pamoja na dada zetu wanaopika na kulea katika nyumba za watu, tumeachiwa kutazama. Walioandikishwa ng'ambo nzima ni 10,443, katika daftari la zaidi ya milioni 22. Kitu kizuri hakimwagwi ovyo.

Lakini sinung'uniki. Ulitubandikia tovutini fomu 34A za matokeo ya urais za vituo 46,229, kila mwenye simu ajijumlishie. Nimekosa kura yangu moja, nikakabidhiwa za wenzangu milioni 14 nizihesabu! Usiku wa kwanza nilimaliza vituo 38, vingine mara mbili, maana kuna wasimamizi ambao 1 yao na 7 yao ni mtu na pacha wake. Runinga hii ilimweka mgombea huyu mbele, ile ikamweka yule. Shangazi kila akileta kahawa huuliza, "Mwanangu, mushampata?" Hatujampata, shangazi. Arusi ilianza ikaisha, bibi arusi akapelekwa kwa mumewe, na kule Bomas, kituo chenu cha kitaifa, bado mwajumlisha.

Jumatatu, siku ya 6 tangu tupige (tupige, nasema!), ukatangaza: asilimia 50.49 kwa 48.85. Makamishna wako 4 walikuwa wameshajitenga, wako hoteli ya Serena wanakukana. Kesho yake wakasema asilimia zako za wagombea wote zikijumlishwa zinafika 100.01, na ziada hiyo ni kura 142,000. Kwa uzoefu wangu wa vituo 38, nikaazima kikokotoo cha mtoto wa shule. Asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni kama 1,420. Hesabu hiyo, Mheshimiwa, imewashinda hata waliolipwa.

Wapo wanaosema ni desimali tu zilizokadiriwa, wapo wanaojiandaa kwenda mahakamani. Wasihangaike. Ile 0.01 ni yetu, sisi wa Matrah na Riyadh, tuliokesha tukitazama hata tukaingia kwenye jumla bila karatasi. Naomba tuandikiwe fomu yetu. Herufi yoyote iliyobaki baada ya 34 itatutosha.

Halafu kuna hili la uchaguzi wa gavana wa Mombasa. Karatasi za kura zilikuja na picha zisizo zenyewe, ukaahirisha. Jana umeahirisha tena, na nyumbani wanakulaani. Mimi nakuombea dua. Ndege yangu inatua tarehe 28 usiku. Ukiweza kuvuta hadi 29, nitakuwa nimeshaoga.

Wako mtiifu,
Mpiga kura wa Likoni, kwa sasa mtazamaji