Kitanda Ndani ya Probox

Huku Bomet, Probox ina kazi zote isipokuwa kupumzika. Alfajiri inabeba mitungi ya maziwa, asubuhi inabeba abiria ambao hesabu yao dereva huitaja kwa sauti ya chini, na jioni ukitazama vizuri utaona pua ya ndama ikichungulia dirisha la nyuma. Toyota walipoanza kuiunda mwaka 2002 walikuwa wakiwafikiria wafanyabiashara wa Japani wenye mikoba na katalogi. Ndama hakuwamo kwenye mchoro. Wala mimi sikuwamo, mimi niliyetaka kulala humo.

Sababu yenyewe ni hesabu. Kutoka kwetu Sigor kwenda upande wa Maasai Mara si safari ya kuagana na watu. Mito yetu, Nyangores na Amala, ndiyo huungana ikawa Mto Mara, kwa hiyo viboko wa kule wanaoga maji yetu na hawajawahi kutulipa. Lakini kambi za huko hutoza kwa dola, nami hulipwa kwa shilingi. Nikaona heri niende na chumba changu.

Ukikunja viti vya nyuma vya Probox unapata sakafu ya kama mita 1.8, na kutoka sakafuni hadi darini kuna sentimita 90 na ushei. Mimi ni wa futi sita na inchi moja, basi tangu mwanzo palikuwa na mgogoro wa mpaka. Huo ulitatuliwa kwa kusukuma viti vya mbele hadi dashibodi na kuziba pengo kwa sanduku. Kilicholeta taabu ni video za Waaustralia. Hao wana magari makubwa, majangwa mapana na subira, na kila video yao inaanza na droo: sufuria droo hii, vijiko droo ile, kitanda juu ya droo zote.

Seremala wa senta akanijengea jukwaa la plaiwudi lenye urefu wa sentimita 30 kwenda juu, na droo mbili za kuteleza. Juu yake tukaweka godoro la inchi sita, hai-densiti, kwa kuwa nimeshalala sana kwenye magodoro ya bweni na sina deni tena. Toa 30, toa 15, piga hesabu. Nilibaki na nafasi ya sentimita 45. Kuingia niliingia. Ila kila nilipotaka kugeuka ubavu, ilinibidi nitoke nje, nigeuke, kisha nirudi ndani. Seremala alisimama kando na penseli sikioni, akatikisa kichwa.

"Mwalimu," akasema, "hiki si kitanda. Ni jeneza lenye droo."

Tukalipunguza jukwaa hadi sentimita 10, sufuria zikahamia kwenye keria, na godoro likawa la inchi nne. Kwa yeyote anayetaka kukata godoro: achana na panga. Chukua kisu cha mkate, kile chenye meno, kandamiza godoro kwa ubao ulionyooka kisha kata taratibu. Panga hutafuna, na ile chengachenga ya sponji utaikuta kwenye chai wiki nzima.

Majaribio ya kwanza yalifanyika uani kwa mama. Hapo ndipo nilipojua kwamba vifaa si tatizo. Mama alinitazama nikitoa mto na blanketi ndani ya nyumba nikipeleka garini, akanyamaza kwanza. Kisha akaja hadi mlangoni mwa gari.

"Kwani mama watoto amesema nini?"

"Hajasema kitu, mama. Yuko Kericho kazini."

"Na unalala kwenye gari."

"Najaribu tu. Nataka kwenda kupiga kambi."

"Na kitanda chako kiko hapo ndani, nimetandika."

Saa mbili usiku baba mdogo alifika akiwa na mzee wa kanisa. Walikunywa chai, wakasifia mvua, wakauliza hali ya ng'ombe, na baada ya muda mrefu mzee akaanza kusimulia jinsi ndoa zinavyopitia mabonde. Nikaona njia ya kujiokoa ni kuwaonyesha gari. Nikawasha taa, nikaeleza jukwaa, nikaeleza godoro. Mzee akavua viatu, akasema acha nipime. Akajinyoosha. Baba mdogo akaendelea na hoja ya subira katika nyumba, lakini upande wa mzee kulishakuwa kimya, halafu kukawa na mkoromo. Hatukuwa na moyo wa kumwamsha. Usiku huo nililala kwenye kitanda alichotandika mama.

Asubuhi mzee aliamka akiwa amelowa nywele. Hilo lilikuwa somo la bure. Mtu akilala usiku kucha ndani ya gari lililofungwa, pumzi yake ina unyevu wa kutosha, na vioo vya gari usiku wa Agosti ni baridi; unyevu ukigusa kioo unageuka matone, na matone hayana pa kwenda isipokuwa usoni pako. Dawa ni kuacha madirisha mawili ya pande tofauti wazi kidogo, hewa ipite. Lakini ukifungua dirisha umekaribisha mbu.

Katika kazi zote, ile ya mbu ndiyo iliyofanikiwa bila ubishi. Nilinunua neti kuukuu ya mitumba, nikaikata vipande vikubwa kuliko madirisha, mama akakunja pindo kwa cherehani yake, na ndani ya pindo nikatia sumaku ndogo nilizozitoa kwenye spika zilizokufa. Sumaku inashika bati la mlango, neti inaning'inia kwa nje, dirisha unashusha utakavyo. Mama alizipenda hata akaniuliza kwa nini akili hiyo nisiielekeze kwenye madirisha ya nyumba.

Baba mdogo naye alileta mchango wake: jiko la makaa, limeshawashwa, niliweke miguuni nipate joto. Nilimshukuru, nikaliacha nje, akahuzunika. Hapa sina mzaha. Makaa yakiungua mahali padogo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu haamki kukohoa, haamki kabisa. Baridi ya Bomet ina dawa nyingine. Sehemu kubwa yake hupanda kutoka chini, kupitia bati la gari, kwa hiyo tandika chini ya godoro. Mimi nilitandika zulia kuukuu na ngozi ya ng'ombe, na ngozi ndiyo iliyoshinda. Wazee wa Kipsigis walizilalia kabla ya neno hai-densiti kufika huku.

Umeme ulikuwa na kisa chake. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, basi. Ukiifanya iwashe taa na kuchaji simu usiku kucha, asubuhi utaomba watu wakusukume. Inafaa kuwa na betri ya pili, ya aina ya sola, pamoja na kile kifaa kinachoitenganisha na ya kwanza gari likizimwa. Nikaagiza kifaa Nairobi. Nikaandika: Sigor. Siku ya kukipokea nikapigiwa simu na kijana mchangamfu akiniambia mzigo umefika salama, anikabidhi wapi, maana yeye yuko stendi na kuna joto kali. Nikatazama nje. Kulikuwa na ukungu. Alikuwa kwenye Sigor ile nyingine, ya Pokot Magharibi, kule mbele ya Marich. Nchi hii ina Sigor mbili na mizigo ya watu inazijua zote. Anayeagiza kitu aandike Sigor ya Chepalungu, aandike Bomet, na akiweza achore na ramani.

Wakati kifaa kikirudi kutoka kwa Wapokot, niliazima betri ya sola sebuleni kwa mama. Niliitoa saa kumi jioni. Saa moja, wakati wa taarifa ya habari kwa Kiswahili, nilisikia jina langu likiitwa kwa ukamilifu wake, majina yote matatu. Betri ilirudi kabla ya habari za michezo.

Kuhusu turubai sisemi mengi. Lifunge likiinamia upande mmoja, la sivyo mvua yetu italigeuza bwawa, na kamba itakatika ukiwa chini yake, haitakatika ukiwa pembeni.

Bafu, hata hivyo, nalionea fahari. Ni bomba la plastiki la inchi nne lenye urefu wa mita mbili, limezibwa ncha zote, limepakwa rangi nyeusi na kufungwa kwenye keria. Linachukua kama lita 16, jua linalipasha, na kwa chini kuna koki yenye mpira. Siku ya safari, kwenye kizuizi cha barabarani, afande alilizunguka, akaligonga kwa fimbo.

"Hii ni nini?"

"Ni bafu, afande."

"Fungua."

Nilikuwa nimelijaza upepo kwa pampu ya baiskeli ili maji yatoke kwa nguvu, na kabla sijamaliza kueleza jambo hilo alishaifungua koki mwenyewe. Alinyamaza akiwa na maji kifuani. Halafu akasema, "Kumbe ni ya moto," akaniruhusu niende.

Nilifika karibu na Mto Mara jioni, nikaegesha kando ya barabara ya vumbi penye mti mzuri, nikafunga turubai likiinama, nikaoga, nikashusha madirisha, nikalala kama nilivyopanga. Neti zilishika. Betri zilielewana. Hakuna aliyekuja kunipatanisha na mtu.

Saa kumi na moja alfajiri dirisha likagongwa. Nje walisimama akina mama watano wenye ndoo za nyanya na mkungu wa ndizi, na mmoja wao alikuwa ameshafungua buti.

"Bomet ni pesa ngapi?"

Nikaeleza kuwa hii si matatu, ni kambi. Wakanisikiliza kwa adabu, huku wakipanda. Probox ikiwa imeegeshwa kando ya barabara alfajiri, huku kwetu haina maelezo mengine. Walivua viatu wenyewe, wakakaa juu ya godoro migongo ikigusa neti zangu, ndoo zikapakatwa, na hadi Longisa walikuwa wakisifu ulaini wa gari. Bomet walinilipa nusu nauli. Walisema hawawezi kulipa kamili gari lisilo na viti.