Jinsi ya Kumwaga Bia Karibu na Bembea

Una kiwanja Malaba, hatua chache kutoka foleni ya matrela, au kule Busia upande wa Burumba. Umepanda nyasi, umesimamisha bembea mbili, umenunua lile jumba la mpira linalojazwa hewa, umemweka binti wa kuwachora watoto simba usoni, na ukutani umeandika kwa rangi tatu: Bustani ya Familia. Mwezi wa pili hesabu inakuambia soda na chipsi hazilipi stima. Sasa unataka bia. Haya, kaa tuelezane, maana wenzako kadhaa wameingia biashara hii kichwa kichwa, na wanaolipia ujinga wao ni watoto wa watu.

Hili jambo limewasumbua wakubwa kuliko wewe. Bustani ya Disney iliyo karibu na Paris ilifunguliwa Aprili 1992 bila tone la pombe. Wafaransa, ambao divai kwao ni sehemu ya mlo, walinung'unika, na mwaka uliofuata divai ikaingia mezani. Kule Florida, Magic Kingdom ilifunguliwa 1971 na haikuruhusu wageni wake bia wala divai hadi 2012, tena kwa kuanzia ilikuwa mkahawa mmoja tu, chakula cha jioni peke yake. Miaka 41 ya kulipima jambo. Wewe kreti zimefika Ijumaa na Jumamosi ushafungua.

Kabla ya friji, nunua ua. Sheria ya Kenya ya kudhibiti pombe ya mwaka 2010, ile wananchi waliyoibandika jina la mbunge John Mututho, haikomi kwenye kumkataza mtoto kununua. Inakukataza wewe mwenye leseni kumwacha aliye chini ya miaka 18 aingie mahali pombe inaponywewa. Isome tena sentensi hiyo ukiwa umesimama katikati ya bustani yako, meza ya bia kushoto, bembea kulia, na baina yao nyasi tupu. Bustani yote imekuwa baa, na kila mtoto aliyechorwa simba usoni amekaa baa.

Kwa hiyo kata kona moja. Zungushia ua wa michongoma uliokatwa ukafika kiunoni, uweke lango moja, na langoni awepo mtu anayejua kusema hapana kwa heshima. Usijenge ukuta. Nimeona mahali walipojenga ukuta mrefu, na nyuma yake akina baba wakasahau kabisa kwamba walikuja na watoto. Mzazi aliyeketi amwone mwanawe akipanda na kushuka; mtoto naye amwone baba. Wanachotenganishwa nacho ni chupa.

Pili ni vikombe, na hapa naomba unisikilize vizuri. Jumapili moja, baada ya kanisa, tulikaa na jamaa kwenye bustani ya namna hii. Weita alileta sinia moja: kegi ya wakubwa na maji ya matunda ya watoto, vyote ndani ya vikombe vilevile vya plastiki vyenye mkono. Sharubati ya karakara ina rangi ya dhahabu na povu juu. Kegi ina rangi ya dhahabu na povu juu. Mtoto wa binamu yangu, miaka mitano, alikuja mbio akitoka jasho, akashika kikombe kwa mikono miwili kama watoto wanavyofanya, akanywa mafunda matatu marefu kabla uso haujamkunjika. Mama yake alikitupa kile kikombe nyasini. Weita, kijana wa watu, alisimama na sinia akitetemeka, na wala kosa halikuwa lake. Alipewa aina moja ya vikombe na sinia moja.

Basi bia iwe kwenye glasi ama chupa yake, na ya mtoto iwe kwenye kikombe cha rangi kali chenye mrija. Sinia mbili. Weita wawili ikiwezekana: anayehudumia bia asivuke kwenda kwa watoto. Na mtoto akija kaunta na noti, aseme baba ametuma mbili baridi, mwambie kwa upole arudi akamwite baba. Baba atakuja amenuna. Acha anune. Mtoto anayebeba chupa kwa mikono miwili, akitembea polepole isimwagike, huku wakubwa wakimpigia makofi, anafundishwa kitu, na aliyemfundisha ni wewe.

Leseni utaitafuta kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010 iliwapa wao kazi hiyo. Saa nazo ziheshimu. Kwa baa, sheria ile ya taifa iliweka kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi na sikukuu, mwisho saa tano usiku. Mchana wa Jumapili waachie watoto na kuku wa kuchoma. Chupa za mfukoni zizuie langoni, hasa waragi iliyovuka kutoka Uganda kwa njia za panya. Na baba aliyelewa usimwache apakie watoto watatu kwenye bodaboda. Mpigie simu mama wa watoto, hata akikutukana.

Najua sera mpya ya taifa iliyozinduliwa Julai 2025, ambayo NACADA, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, iliandaa, inataka umri wa kunywa upandishwe hadi miaka 21 na pombe iondolewe kwenye mikahawa na bustani za burudani. Wenye hoteli walipiga kelele, na NACADA ikaeleza kwamba ni sera, haijawa sheria. Kuhusu umri, naunga mkono. Kuhusu kuifuta bia kwenye kila mkahawa, sisi wa mpakani tunajua kitakachotokea: baba atakatiza kwenda ng'ambo, dakika kumi kwa miguu, na watoto watabaki kwenye bembea na mtu wasiyemjua. Bora anywe mbili hapa, nyuma ya ua, akiwaona.

Tena ufundi huu hatukuletewa na Disney. Waiteso wa Amukura na Kochol'ya walikuwa nao. Ajon, pombe ya wimbi, ina chungu chake katikati, maji ya moto yanaongezwa, watu wamezunguka na mirija mirefu yenye kichujio nchani, na kila mtu anajua nani anakaa wapi. Mkwe na mama mkwe hawachangii chungu. Si kwamba mtoto alifichwa pombe: kwa desturi nyanya huchovya kidole kwenye ajon na kumtia mtoto mchanga mdomoni huku akitaja jina, naye akinyonya, jina limekubaliwa. Lakini ni tone, kwa mkono wa nyanya, mbele ya mashahidi, na baada ya hapo chungu kinarudi kwa wenyewe.

Nikiwa mdogo tulienda kwa mjomba kule Amukura baada ya mavuno. Wazee walikuwa chini ya mwembe. Nilisimama mbali, pale mama aliponiambia nisipite, nikamwita mjomba, nikasema ndama amekata kamba. Hakuniita niende kwake. Aliuegemeza mrija wake kwenye ukingo wa chungu, akaomba ruhusa kwa wenzake, akainuka na kunifuata nilipokuwa, mikono mitupu, na tukaenda wote kumtafuta ndama.